Rangi ya Buluu: Baharini, Katika Chapa na Katika Kioo

1. Bahari yenye rangi nyingi

Makunduchi ni mji wa kale katika Wilaya ya Kusini ya kisiwa cha Unguja, na mbele yake iko Bahari ya Hindi. Watu husema kwa desturi ya kuwa bahari ni buluu. Neno hili ni kweli, lakini si kweli yote. Mtu akisimama pwani wakati maji yamejaa, jua likiwa juu na mbingu hazina mawingu, ataona ya kuwa bahari haina rangi moja. Karibu na ufuo, juu ya mchanga mweupe, maji hayana rangi, ni kama kioo. Mbele kidogo yanageuka kuwa buluu nyepesi inayoelekea kijani. Penye majani ya baharini pana madoa ya giza. Mbali, panapovunjika mawimbi juu ya mwamba, pana mstari mweupe wa povu. Na nyuma ya mwamba, penye kina kikuu, maji ni buluu nzito kama nguo ya kaniki.

Mvuvi huzisoma rangi hizi kama mwanafunzi asomavyo herufi. Weupe humwambia, "Hapa pana mchanga na maji machache." Doa la giza humwambia, "Hapa pana majani, au pana jiwe." Buluu nzito humwambia, "Hapa pana kina." Akitaka kutoka nje ya mwamba, hutafuta mlango, yaani njia ya buluu nzito kati ya povu na povu. Akizisoma vibaya, ngalawa yake hupanda mwamba. Basi kwake yeye rangi si pambo tu, bali ni habari.

Wako na watu wengine ambao kwao rangi ni habari: mpiga chapa wa vitabu, mfanya biashara ya kanga, na fundi atengenezaye picha kwa kompyuta. Hao wakikosea hawavunji chombo, lakini hupoteza mali, na pengine hupoteza sifa njema ya kazi yao. Somo hili laeleza buluu ni kitu gani, kwa nini kitabu na simu hazifanyi buluu kwa njia moja, na jinsi fundi mwangalifu ajilindavyo asidanganyike.

2. Majina matatu

Katika Kiswahili rangi nyingi zimepewa majina ya vitu. Kijani ni rangi ya jani. Kijivu ni rangi ya jivu. Manjano ni jina la bizari ile itiwayo katika mchuzi. Iko na rangi ya maji ya kunde, na wauza kanga hutaja rangi ya damu ya mzee. Anayesikia majina haya huona kitu chenyewe mbele ya macho yake.

Rangi ya somo hili ina majina matatu, na kila moja lina asili yake. La kwanza ni samawati, neno la Kiarabu lenye maana ya mbingu. Hutumiwa hasa kwa buluu nyepesi, kama ya mbingu wakati wa asubuhi. La pili ni nili, neno lililokuja pamoja na biashara ya Bara Hindi na Uarabuni; ni jina la dawa ya kutilia nguo rangi, iliyotokana na majani ya mnili. La tatu ni buluu, au bluu, nalo limetoka katika Kiingereza.

Nili ilipatikana kwa kazi nyingi. Majani ya mnili yalilowekwa majini hata yakachacha, kisha maji yale yakapigwapigwa ili hewa iingie. Ndipo unga wa buluu ulipojitenga na kuzama chini, ukakaushwa na kukatwa vipande. Kwa nili hii zilitiwa rangi nguo za kaniki, zilizo buluu nzito hata kukaribia weusi, ambazo wanawake wengi wa pwani walizivaa katika karne ya 19. Lakini mwaka wa 1897 kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuuza nili iliyotengenezwa kiwandani bila ya jani hata moja. Kwa muda wa miaka michache nili ya kiwandani ilishinda ile ya mashamba, na wakulima wengi wa mnili huko Bara Hindi wakapoteza soko lao. Hapo huonekana ya kuwa rangi moja yaweza kulisha nchi, na kubadilika kwake kwaweza kuitia nchi katika shida.

3. Nuru ndiyo mama wa rangi

Zamani wataalamu wengi walidhani ya kuwa nuru nyeupe ya jua ni kitu kimoja kisicho na mchanganyiko. Mwaka wa 1666 Mwingereza mmoja, jina lake Isaac Newton, alikitia giza chumba chake, akaacha tundu dogo katika ubao wa dirisha, na mwali mmoja wa jua ukaingia. Akauweka katika njia ya mwali ule mche wa kioo wenye pembe tatu. Ukutani ikatokea safu ya rangi kama upinde wa mvua: nyekundu, kimanjano, kijani, buluu na urujuani. Kisha akazikusanya tena rangi zile, nazo zikarudi kuwa nuru nyeupe. Basi ikajulikana ya kuwa nuru nyeupe ni jamaa ya rangi nyingi zikaazo pamoja.

Ikiwa ni hivyo, kwa nini kanga nyekundu ni nyekundu? Ni kwa sababu nuru yote ya jua huiangukia, nayo kanga humeza rangi nyingine na kuirudisha nyekundu tu machoni mwa mtu. Jani humeza sehemu kubwa ya nyekundu na ya buluu, na hurudisha kijani zaidi. Karatasi nyeupe hurudisha karibu zote. Masizi humeza karibu zote, ndiyo sababu ni meusi. Katika giza tupu kanga nyekundu haina wekundu wowote, kwa kuwa hakuna nuru ya kurudishwa.

Sasa bahari ya Makunduchi inaeleweka. Maji humeza nuru nyekundu upesi kuliko nuru ya buluu. Katika bilauri maji ni machache mno, hata jicho haliwezi kuona upungufu huo. Lakini katika kina kikubwa nuru nyekundu humezwa, na nuru ya buluu hubaki ikizunguka majini hata sehemu yake ikarudi juu. Kwa hiyo penye kina kikuu rangi ni buluu nzito. Juu ya mchanga mweupe nuru huenda njia fupi, humezwa kidogo, kisha mchanga huirudisha; ndipo inapoonekana ile buluu nyepesi yenye ukijani. Mzamiaji akishuka kadiri ya mita 10, samaki mwekundu humwonekania kama wa kijivu au wa giza, kwa sababu nuru nyekundu imekwisha kumezwa kabla ya kumfikia samaki. Akimmulika kwa taa, wekundu wake hurudi mara moja.

Mbingu nazo ni buluu, lakini kwa sababu nyingine. Hewa haimezi nyekundu kama maji. Bali hutawanya nuru ya buluu kila upande zaidi ya nuru nyekundu, hata buluu ikaonekana popote mtu atazamapo juu. Basi buluu ya mbingu na buluu ya bahari zafanana machoni, wala hazikuzaliwa kwa njia moja. Jambo hili na likumbukwe, maana ndilo litakaloonekana tena katika kitabu na katika simu.

4. Wino humeza nuru

Mwaka wa 1864 Askofu Tozer na Daktari Edward Steere wa misheni ya UMCA walifika Unguja. Steere alikuwa na ujuzi wa kupiga chapa, na vijana wa misheni wakafundishwa kupanga herufi za risasi, kuzipaka wino na kukaza karatasi juu yake. Katika miaka ya 1880 Sultani Barghash naye alikuwa na mtambo wake wa chapa mjini, uliopiga vitabu vya Kiarabu. Na mwaka wa 1888 misheni ilianza kutoa gazeti la Kiswahili liitwalo Msimulizi. Kwa maneno, wino mmoja mweusi watosha. Lakini kwa wino mweusi peke yake bahari yote ya Unguja huwa kijivu.

Njia ya kupiga picha za rangi ilianza kutafutwa Ulaya mapema. Mwanzo wa karne ya 18 mtu mmoja aitwaye Jacob Christoph Le Blon alionyesha ya kuwa hakuna haja ya kuwa na wino mbalimbali kwa kila rangi. Alitumia sahani tatu, moja ya buluu, moja ya manjano na moja ya nyekundu, akaipitisha karatasi ile ile juu ya kila sahani, na rangi nyingine zikazaliwa kwa kukutana kwa hizo tatu. Mafundi waliokuja nyuma waliitengeneza kazi hii hata ikawa hivi ilivyo leo.

Leo vitabu na magazeti ya rangi hupigwa kwa wino nne. Wa kwanza huitwa sayani, nao ni buluu nyepesi inayoelekea kijani, mfano wa maji ya kina kifupi juu ya mchanga. Wa pili huitwa majenta, nao ni nyekundu inayoelekea urujuani. Wa tatu ni manjano. Wa nne ni mweusi.

Kila wino una kazi yake ya kumeza. Sayani humeza nuru nyekundu, kama yafanyavyo maji ya bahari. Majenta humeza nuru ya kijani. Manjano humeza nuru ya buluu. Fundi akipiga sayani na manjano mahali pamoja, nyekundu humezwa na buluu humezwa, hubaki kijani. Akipiga majenta na manjano, hubaki nyekundu. Na akitaka buluu nzito ya nje ya mwamba, hupiga sayani na majenta pamoja: nyekundu na kijani zote mbili humezwa, na buluu ndiyo ibakiayo. Kadiri wino uzidivyo, ndivyo nuru ipunguavyo. Kwa hiyo wataalamu huiita njia hii njia ya kupunguza.

Wino tatu za kwanza zikipigwa zote pamoja zingepaswa kutoa weusi. Lakini kwa kuwa hakuna wino ulio safi kabisa, hutoa hudhurungi ya tope. Tena herufi ndogo ikipigwa mara tatu huwa na ukungu, na wino mwingi hulowesha karatasi. Ndiyo sababu wino mweusi umeongezwa uwe wa nne.

Mwanafunzi akitaka kuona kazi hii kwa macho yake, na achukue kioo cha kukuzia na picha ya bahari iliyopigwa katika gazeti. Mbali na jicho ni buluu tupu; chini ya kioo ni nukta ndogo ndogo za sayani na za majenta, na hapa na pale nukta ya manjano au nyeusi, na kati yake weupe wa karatasi. Penye buluu nyepesi nukta ni ndogo. Penye buluu nzito nukta ni kubwa hata kugusana. Wala mpiga chapa hana wino wa samawati. Weupe wa karatasi ndio unaomsaidia.

Nyumbani pia iko kazi inayofuata kanuni hiyo hiyo. Nguo nyeupe ya pamba ikizeeka huingia umanjano, maana yake huanza kumeza nuru ya buluu kidogo. Dobi akiisuuza katika maji yenye nili kidogo, nili nayo humeza sehemu ndogo ya ile nuru nyingine iliyozidi. Sasa rangi zote zarudi kwa kadiri sawasawa, na jicho huiita nguo ile nyeupe. Lakini dobi akizidisha nili, nguo hutoka buluu, na mwenyewe hugomba.

5. Kioo hutoa nuru

Kioo cha simu, cha televisheni au cha kompyuta hakifanyi hivyo. Kitabu husubiri nuru ya jua au ya taa, kisha humeza sehemu yake. Kioo cha simu huleta nuru yake chenyewe, hata katika chumba chenye giza. Simu iliyozimwa ni nyeusi; hiyo ndiyo karatasi yake. Kitabu huanza na weupe na kupunguza. Simu huanza na weusi na kuongeza.

Mwanzo wa jambo hili ni Mskoti mmoja, James Clerk Maxwell. Mwaka wa 1861, mjini London, aliwaonyesha watu picha ya utepe wa rangi nyingi. Utepe ule ulikuwa umepigwa picha mara tatu, kwa kioo chekundu, cha kijani na cha buluu. Kisha picha tatu zikamulikwa pamoja ukutani, kila moja kwa taa ya rangi yake, na rangi za utepe zikaonekana. Jambo hili lawezekana kwa sababu ndani ya jicho la mwanadamu mna namna tatu za vipokezi vya rangi: namna moja huamshwa zaidi na nuru iliyo upande wa nyekundu, ya pili na iliyo upande wa kijani, na ya tatu na ya buluu. Jicho likipata hizo tatu kwa kadiri mbalimbali, huona rangi mbalimbali.

Katika kioo cha simu kila nukta ina taa tatu ndogo sana: nyekundu, kijani na buluu. Mwanafunzi akidondosha tone dogo mno la maji juu ya kioo cha simu penye weupe, tone lile huwa kama kioo cha kukuzia, naye ataona ya kuwa weupe ule si weupe, bali ni rangi tatu zikaazo jirani. Nyekundu na kijani zikiwaka pamoja, jicho huona manjano, jambo linalowashangaza wote waliozoea kuchanganya rangi za maji darasani. Kijani na buluu hutoa sayani. Nyekundu na buluu hutoa majenta. Zote tatu zikiwaka kwa nguvu hutoa nyeupe. Njia hii huitwa njia ya kuongeza.

Kompyuta huandika nguvu ya kila taa kwa hesabu, tangu 0 hata 255. Sifuri ni taa iliyozimwa. 255 ni taa iwakayo kwa nguvu zote. Basi buluu tupu huandikwa 0, 0, 255, yaani nyekundu hakuna, kijani hakuna, buluu kwa nguvu zote. Buluu ya bendera ya Tanzania katika picha nyingi za intaneti huandikwa 0, 163, 221. Kwa kuwa kila taa ina daraja 256, rangi zote ziwezazo kuandikwa hivyo ni zaidi ya milioni 16.

Unguja ilitangulia katika mambo haya. Televisheni ya Zanzibar ilianza kuonyesha picha za rangi katika miaka ya 1970, wakati ambapo nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado na picha nyeusi na nyeupe, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka miaka ya 1990. Televisheni za wakati ule zilipata nuru yake kwa unga maalumu uliong'aa nyuma ya kioo.

Zile taa ndogo za siku hizi zilichelewa kwa sababu ya buluu. Taa nyekundu za namna hiyo zilipatikana tangu miaka ya 1960, na za kijani baadaye. Lakini taa ya buluu yenye nuru kali iliwashinda wataalamu kwa muda wa miaka 30. Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walivumilia hata wakaipata mwanzo wa miaka ya 1990, na mwaka wa 2014 wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Nuru nyeupe ya taa nyingi za umeme wa jua zilizo vijijini leo imetokana na buluu hiyo hiyo: ndani yake mna taa ya buluu, iliyofunikwa kwa dawa ya kimanjano.

6. Kwa nini buluu hubadilika njiani

Sasa hatari yaonekana wazi. Mtu hutazama katika simu picha ya bahari ya Makunduchi, yenye buluu inayong'aa hata ikapendeza sana. Huipeleka kwa mpiga chapa ipigwe katika kalenda. Kalenda zikitoka, bahari imefifia, na penye buluu kali pameingia uzambarau. Mtu yule hudhani ya kuwa ameibiwa.

Pengine hakuibiwa. Ile buluu ya 0, 0, 255 ni nuru itokayo katika taa moja kwa moja. Mpiga chapa hana taa. Ana karatasi na wino wa kumeza nuru. Ili apate buluu imempasa aweke sayani na majenta kwa wingi, nazo, kwa kuwa si safi, humeza na sehemu ya ile buluu iliyotakiwa. Ndiyo sababu hutoka nzito na yenye uzambarau. Kila njia ina mipaka yake: ziko buluu za simu zisizoweza kupigwa chapa kwa wino nne, na iko sayani ya wino ambayo vioo vingi vya simu haviwezi kuionyesha barabara.

Tena simu mbili hazionyeshi sawasawa, wala karatasi mbili hazinywi wino sawasawa. Karatasi laini yenye kung'aa hutunza rangi. Karatasi ya gazeti hunywa wino na rangi ikafifia. Hata nuru ya mahali ina neno. Kanga mbili zaweza kulingana dukani chini ya taa, zikatofautiana nje juani, kwa maana taa ile haina rangi zote za jua kwa kadiri ile ile. Wazee wanaochukua kanga hadi mlangoni kabla ya kununua wanafanya jambo la busara.

7. Kanga na bendera

Kanga zilianza kuvaliwa katika pwani hii mnamo karne ya 19. Kila kanga ina pindo, mji wa katikati, na jina, yaani maneno yake. Huko Makunduchi, siku ya Mwaka Kogwa katika mwezi wa Julai, wanawake hujipamba kwa kanga, na uwanja mzima hujaa rangi.

Kanga kwa desturi haipigwi kwa nukta za wino nne kama gazeti. Rangi ya kila sehemu huchanganywa kwanza chomboni hata ifikie ile itakiwayo, kisha hupigwa juu ya nguo peke yake. Rangi ya pili nayo hufuata kwa zamu yake. Kwa hiyo kanga yaweza kuwa na buluu safi ambayo gazeti haliwezi kuipata. Lakini mwenye kuchanganya lazima aambiwe barabara ni buluu ipi.

Fikirini mfanya biashara wa mjini Unguja atakaye kuagiza kanga kutoka kiwanda cha Bara Hindi. Akiandika "buluu" tu, mtu wa kiwandani aweza kutia samawati, au buluu ya nili, au buluu ya kaniki, wala hakuvunja agano. Akipeleka picha kwa simu, kila mmoja huona rangi ya kioo chake. Zikija marobota mazima ya rangi isiyotakiwa, nani atazinunua? Fedha imekwisha kutoka, na wenye shughuli wameahidiwa kanga za sare. Lakini akipeleka kipande cha nguo chenye rangi ile ile, akaomba kiwanda kimrudishie kipande cha kwanza kilichopigwa, naye akakitazama juani kabla ya kuruhusu kazi iendelee, shida hiyo haimpati. Kwa sababu hiyo pia, mwaka wa 1963, kampuni ya Pantone ya Marekani ilianza kutoa kitabu cha vipande vya rangi, kila kimoja na namba yake, ili watu walio mbali watazame rangi moja na kuitaja kwa namba moja.

Bendera nayo yataka uangalifu huo. Bendera ya Tanzania, ya mwaka wa 1964, ina kijani, nyeusi, buluu na mistari ya dhahabu, na buluu yake ni alama ya maji ya bahari, maziwa na mito. Bendera ya Zanzibar, iliyoanza kupepea Januari 2005, ina buluu juu, nyeusi katikati na kijani chini, pamoja na bendera ndogo ya Tanzania katika pembe. Bendera ikishonwa kwa kitambaa, ikapigwa katika kitabu, na ikaonyeshwa katika simu, buluu hizo tatu huzaliwa kwa njia mbalimbali. Kazi ya mafundi ni kuzilinganisha kadiri iwezekanavyo, ili mtoto wa Makunduchi aitambue bendera yake popote aionapo.

8. Neno la mwisho

Basi buluu ni jina moja la vitu vingi. Bahari huipata kwa kumeza nyekundu, mbingu kwa kutawanya nuru, kitabu kwa wino unaopunguza, na simu kwa taa zinazoongeza. Asiyejua hayo hulaumu chombo au hulaumu mtu. Anayejua huuliza maswali mawili kabla ya kazi: Ni buluu ipi? Nayo itatazamwa kwa nuru gani? Mvuvi wa Makunduchi hawezi kuyaacha maswali hayo akiwa mbele ya mwamba, wala fundi wa rangi hawezi kuyaacha akiwa mbele ya mali ya watu.

Maswali

1. Kwa nini maji ya bilauri hayana rangi, na maji ya nje ya mwamba ni buluu?
2. Taja wino nne za mpiga chapa, na useme kila mmoja wa zile tatu za kwanza humeza nuru gani.
3. Nyekundu na kijani hutoa rangi gani katika kioo cha simu?
4. Eleza jinsi nili inavyoisaidia nguo nyeupe iliyozeeka.
5. Mfanya biashara afanye nini ili asiletewe kanga za buluu asiyoitaka?